MALKIA WA MWISHO WA GEORGIA

Georgia ninayotaka kuisimulia si ile ya Marekani. Ni nchi iliyo kati ya Milima ya Kaukazi na Bahari Nyeusi, jirani ya Urusi na Uturuki. Uajemi nayo haiko mbali. Tangu zamani nchi hiyo ilikuwa na wafalme wake, na malkia wake wa mwisho aliitwa Mariam.

Mariam alizaliwa mwaka 1768 katika ukoo mkubwa wa Tsitsishvili. Mwaka 1783 aliolewa na Giorgi, mwana wa Mfalme Erekle wa Pili, aliyekuwa amefiwa na mkewe wa kwanza. Mwaka huo huo Erekle alifanya mapatano na Urusi, taifa la Wakristo kama yeye: Urusi iilinde Georgia, na ufalme ubaki katika ukoo wake. Lakini mwaka 1795, Waajemi walipouteka mji mkuu, Tbilisi, wakauchoma na kuchukua mateka maelfu ya watu, Warusi hawakuja kuulinda.

Erekle alikufa mwaka 1798, na Giorgi akarithi kiti. Basi Mariam akawa malkia, lakini wa nchi iliyochoka. Hazina ilikuwa tupu, mfalme alikuwa mgonjwa, na ndugu zake waligombania urithi hata kabla hajafa. Giorgi akaomba tena ulinzi wa Urusi. Mwaka 1799 askari wakaingia Tbilisi pamoja na Jemadari Lazarev, wakapokewa kama marafiki.

Giorgi alikufa Desemba 1800. Hapana mfalme mwingine aliyetawazwa baada yake. Mwaka 1801 Urusi ilitangaza kwamba Georgia ni sehemu ya dola yake. Kisha ikaletwa amri kwamba jamaa wote wa mfalme wahamishiwe Urusi, wasije wakawa kiini cha maasi. Mkuu aliyesimamia amri hiyo, Tsitsianov, asili yake ilikuwa ukoo ule ule wa Mariam.

Mariam, mjane mwenye watoto, alikataa kuondoka. Asubuhi moja ya Aprili 1803 Lazarev alikwenda nyumbani kwake kumchukua. Alipomkaribia amwinue, malkia alichomoa jambia alilolificha akamchoma, naye akafa. Malkia akakamatwa, akapelekwa Urusi, akafungwa katika nyumba ya watawa mpaka mwaka 1811. Baadaye aliruhusiwa kukaa Moscow, na huko akafa mwaka 1850, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 80. Mwili wake ulirudishwa Georgia, ukazikwa katika kanisa kuu la Mtskheta, alikozikwa mumewe.

Mimi simsifu Mariam kwa kuua. Lazarev alikuwa askari aliyetumwa, na damu yake haikurudisha ufalme. Hata hivyo namheshimu, kwa sababu wakubwa wengi walikuwa wamekwisha kuinama, na yeye hakukubali kutoka katika nyumba yake kana kwamba ametoka kwa hiari.

Tena naona kwamba ufalme ule haukupotea siku ile ya jambia. Ulikwisha kupotea pale ndugu waliposhindwa kupatana, wakamwachia mgeni kazi ya kuwalinda. Wazee wetu walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi tunaosoma historia tusiishie kukariri miaka tu. Tujiulize pia ni nani anayelinda mlango wetu, na kwa malipo gani.