James Joule na Joto la Umeme

Je, umewahi kushika simu ya mkononi iliyotumika kwa muda mrefu? Bila shaka uliona kuwa ina joto. Joto hilo hutokana na umeme wa betri. Kwa mtu akaaye Ukata, wilayani Mbinga, jambo hili si dogo. Umeme mwingi ukigeuka joto, betri huisha upesi. Na simu ikizimika, habari hazimfikii. Mtu aliyetufundisha kupima joto hilo ni James Prescott Joule.

Joule alizaliwa tarehe 24 Desemba, 1818, mjini Salford, nchini Uingereza. Baba yake alikuwa na kiwanda cha pombe. Utotoni Joule alikuwa dhaifu, naye alifundishwa nyumbani. Baadaye yeye na ndugu yake walifundishwa na mwanasayansi mashuhuri, John Dalton.

Alipokuwa kijana, Joule alitaka kujua kama mashine ya umeme ingeweza kufanya kazi kwa gharama ndogo kuliko mashine ya mvuke. Betri za wakati ule zilitumia zinki, madini kama yale ya ganda la betri ya tochi. Majaribio yake yalionyesha kuwa zinki ilikuwa ghali kuliko makaa ya mawe. Hata hivyo hakukata tamaa, bali alichunguza umeme unapotea wapi.

Mwaka 1840 alichukua waya uliozungushwa, akautia majini, akapitisha umeme ndani yake. Kisha alipima joto la maji kwa kipimajoto. Aligundua kwamba mkondo wa umeme ukiongezwa mara mbili katika waya uleule, joto huwa mara nne. Ukiongezwa mara tatu, joto huwa mara tisa.

Wataalamu wengi hawakumjali, kwani hakuwa mwalimu wa chuo kikuu. Joule aliendelea kupima kwa uangalifu, na mwaka 1850 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Alifariki tarehe 11 Oktoba, 1889. Kipimo cha nishati, yaani jouli, kimepewa jina lake.

Ndani ya simu mna vibamba vidogo vya silikoni viitwavyo chipu. Kila chipu ina sakiti nyingi, nyembamba kuliko unywele. Wanaozibuni hufuata somo la Joule: hupunguza umeme upitao, na huzima sehemu isiyo na kazi, kama wewe uzimavyo taa utokapo chumbani. Ndiyo maana simu huweza kungojea ujumbe usiku kucha bila kumaliza betri.

Zoezi

1. Kwa nini simu inayopata joto sana humaliza betri upesi?

2. Mkondo wa umeme katika waya ukipunguzwa kuwa nusu, joto litakuwa sehemu gani ya lile la kwanza?