George Westinghouse, baba wa breki za upepo

Kila lori lenye tela linalopanga foleni Namanga, Malaba au Tunduma lina matangi ya upepo chini ya chesi, pamoja na mipira inayounganisha kichwa na tela. Mpira mwekundu ukikatika, tela hufunga breki lenyewe bila kumsubiri dereva. Wapo wanaoliona hilo kuwa kero, hasa likitokea mlimani. Wazo lenyewe lilianzia kwenye reli, na mwenye wazo ni Mmarekani George Westinghouse.

Alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1846 huko Central Bridge, jimbo la New York. Baba yake alikuwa na karakana ya zana za kilimo mjini Schenectady, na humo ndimo kijana alimojifunza ufundi wa chuma na mvuke. Alipigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha akarudi nyumbani mwaka 1865.

Wakati huo treni zilisimamishwa kwa mikono. Dereva alipiga filimbi, na wafanyakazi wa breki wakakimbia juu ya mapaa ya mabehewa kuzungusha usukani wa breki wa kila behewa. Wakati wa barafu wengi waliteleza wakafa. Mwaka 1866 Westinghouse alicheleweshwa safarini na ajali ya treni mbili za mizigo. Madereva wake walikuwa wameonana mapema, lakini walishindwa kusimama.

Alijaribu minyororo, akajaribu na mvuke, ambao ulipoa na kuwa maji kabla ya kufika behewa la mwisho. Jibu alilipata kwenye gazeti lililoeleza jinsi upepo ulioshindiliwa ulivyoendesha mashine za kutoboa mlima wa Mont Cenis, kati ya Ufaransa na Italia. Mwaka 1869, akiwa na miaka 22, alipata hataza na kuanzisha kampuni Pittsburgh.

Breki hiyo ya kwanza ilikuwa na kasoro kubwa. Upepo ulisukumwa kutoka kwenye injini pale tu dereva alipotaka kusimama. Bomba likipasuka, au treni ikikatika vipande viwili, breki hakuna. Mwaka 1872 Westinghouse aligeuza mambo. Bomba la treni likawa na upepo muda wote, na kila behewa likapewa tangi lake na vali yenye kazi tatu: kujaza tangi, kufunga breki na kuachia. Shinikizo likishuka bombani, kwa mkono wa dereva au kwa ajali, vali hufunguka yenyewe na upepo wa tangi husukuma breki. Yaani hitilafu ndiyo inayosimamisha treni.

Mtihani mkubwa ulikuja kwenye mizigo. Mwaka 1886 na 1887, huko Burlington, Iowa, wakuu wa reli walijaribu breki za makampuni mbalimbali kwenye treni za mabehewa 50. Za Westinghouse ziliaibika: mabehewa ya mbele yalisimama huku ya nyuma yakija kwa kasi, yakagonga kwa kishindo. Kamati ikaona kwamba breki bora kwa treni ndefu ni ya upepo, lakini vali zake ziendeshwe kwa umeme. Kwa kampuni yake, kushindwa hapo kulikuwa sawa na kufungiwa soko lote la mabehewa ya mizigo.

Alirudi karakanani. Katika miezi michache aliibadili vali ili kila moja itoe upepo wa bomba papo hapo ilipo, na hivyo kuiamsha ya behewa linalofuata. Breki za mabehewa 50 zikafunga kwa sekunde chache, bila umeme. Akaizungusha treni hiyo miji kadhaa, watu wajionee wenyewe. Mwaka 1893 sheria ya Marekani ikalazimisha treni zinazovuka majimbo kuwa na breki zinazoongozwa na dereva.

Hakuishia hapo. Kampuni yake ya mawimbi ya reli, iliyoanza 1881, iliendesha njia panda za reli kwa upepo, huku vali zikiongozwa kwa umeme kutoka kibandani. Kwenye umeme alinunua hataza za Nikola Tesla, na mitambo yake ikafungwa Niagara.

Mtikisiko wa fedha wa 1907 ulimnyang'anya usukani wa kampuni ya umeme, ila ile ya breki ilibaki naye. Alifariki New York tarehe 12 Machi 1914, na amezikwa Arlington pamoja na askari wenzake wa vita. Kampuni ya breki iliungana na MotivePower mwaka 1999, na sasa inaitwa Wabtec.