Babe Zaharias: binti wa seremala aliyeishi kwa gofu

Mwezi wa Julai 1954, katika kiwanja cha gofu cha Salem, mjini Peabody, Marekani, mwanamke wa miaka 43 alishinda mashindano makubwa ya wazi ya wanawake wa nchi hiyo kwa tofauti ya mipigo 12. Katika gofu, anayepiga mpira mara chache zaidi ndiye mshindi, na mara nyingi ubingwa huamuliwa kwa mpigo mmoja au miwili tu. Mwanamke huyo alicheza akiwa na mfuko wa kupokea choo chini ya nguo zake, kwa sababu mwaka mmoja kabla madaktari walimkata sehemu ya utumbo. Aliitwa Mildred Didrikson Zaharias, lakini karibu kila mtu alimjua kwa jina la Babe.

Alizaliwa tarehe 26 Juni 1911 huko Port Arthur, jimbo la Texas, akiwa mtoto wa sita kati ya saba. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Norway, na baba yake alikuwa seremala. Mwaka wa 1930 kampuni moja ya bima ya mji wa Dallas ilimwajiri kupiga taipu kwa dola 75 kwa mwezi. Kwa kweli ilimtaka kwa ajili ya timu yake ya basketi. Sehemu ya mshahara huo aliituma nyumbani.

Mwaka wa 1932 alifanya jambo ambalo hata leo ni gumu kusadiki. Katika mashindano ya taifa ya riadha huko Evanston, karibu na Chicago, aliingia peke yake kama timu nzima na kupata pointi 30. Timu iliyomfuata ilikuwa na wanawake 22 na ilipata pointi 22. Wiki chache baadaye, kwenye Olimpiki ya Los Angeles, wanawake waliruhusiwa kushindana katika michezo mitatu tu kila mmoja. Babe alipata dhahabu katika kurusha mkuki na katika mbio za viunzi za mita 80. Katika kuruka juu alifikia kimo kimoja na mwenzake Jean Shiley, lakini waamuzi walimpa fedha wakisema kichwa chake kilitangulia mwili kuvuka ufito.

Medali hazikumpa chakula. Kabla ya mwaka kwisha, chama cha riadha kilimsimamisha kwa sababu ya tangazo la gari lililotumia jina lake. Nchi ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, na familia ilihitaji pesa. Basi alizunguka miji akicheza basketi, akirusha mpira wa besiboli pamoja na timu ya wanaume wenye ndevu ndefu, hata akipiga kinanda cha mdomo jukwaani Chicago. Waandishi wa habari walimcheka, wengine wakiandika kwamba hana sura ya kike.

Ndipo akaelekea gofu kwa nguvu zake zote. Mwaka wa 1935 alishinda ubingwa wa wanawake wa ridhaa wa Texas, yaani wale wasiolipwa. Muda mfupi baadaye chama cha gofu cha Marekani kilimfungia mlango: kwa kuwa alikuwa amelipwa katika michezo mingine, hakuhesabiwa tena kuwa wa ridhaa. Kwa wake wa matajiri sheria hiyo haikuwa na uzito wowote. Iliwaumiza watu kama yeye, walioishi kwa jasho lao, na mashindano ya wanawake wa kulipwa yalikuwa machache mno.

Januari 1938, katika mashindano ya wanaume ya Los Angeles, alipangwa kucheza pamoja na George Zaharias, mwanamieleka. Walioana Desemba mwaka huohuo. Kipato cha mume kilimwezesha kukaa miaka kadhaa bila kupokea pesa ya gofu, hadi mwaka wa 1943 aliporudishiwa hadhi ya ridhaa. Alitwaa ubingwa wa ridhaa wa Marekani mwaka wa 1946, na mwaka uliofuata ule wa Uingereza, huko Gullane, Scotland, ambao hakuna Mmarekani aliyewahi kuupata kabla yake. Kisha akaiacha ridhaa kwa hiari yake na kurudi kwenye gofu ya kulipwa.

Mwaka wa 1950 alikuwa mmoja wa wanawake 13 walioanzisha LPGA, chama cha wanawake wanaolipwa kwa kucheza gofu. Yeye ndiye aliyevuta watazamaji. Wenzake hawakumpenda wote: alijisifu mno, aliingia chumba cha kubadilishia nguo akiuliza nani atakuwa wa pili, na alidai malipo ya ziada. Lakini walijua kwamba asipokuwepo, watu wachache wangenunua tiketi.

Aprili 1953 aligunduliwa kuwa na kansa ya utumbo mpana, akapasuliwa mjini Beaumont. Madaktari walimwambia mumewe na rafiki yake Betty Dodd, naye mchezaji wa gofu, kwamba ugonjwa ulikuwa umeenea. Babe mwenyewe alifichwa. Miezi mitatu na nusu baadaye alikuwa kiwanjani tena. Jambo lingine lilishangaza zaidi: wakati ambapo wagonjwa wengi waliificha kansa kama aibu, yeye aliisema hadharani na kuchangisha fedha za kupambana nayo.

Ushindi wa Salem ulikuwa wa tatu kwake katika mashindano hayo, baada ya 1948 na 1950. Mwaka wa 1955 kansa ilirudi. Babe alifariki hospitalini Galveston, Texas, tarehe 27 Septemba 1956, akiwa na miaka 45. Asubuhi hiyo Rais Eisenhower, naye mpenzi mkubwa wa gofu, alianza mkutano wake na waandishi wa habari kwa kumtaja. Alizikwa Beaumont, mji aliokulia.