Fazlur Rahman Khan: Mhandisi wa Maghorofa na Mahema ya Mahujaji



Hujaji anayetua Jeddah msimu wa Hija hupokewa chini ya mahema meupe makubwa yanayoning'inia kwenye nguzo za chuma. Mmoja wa waliobuni kivuli hicho ndiye aliyebuni pia mfumo uliosimamisha jengo lililokuwa refu kuliko yote duniani. Naye alikuwa Mwislamu kutoka Bengali, Fazlur Rahman Khan.

Sisi tunaosoma dini tukisikia habari za maghorofa marefu, haraka tunakumbuka hadithi ya Jibril, ambamo kushindana kujenga majengo marefu kumetajwa miongoni mwa alama za Kiyama. Nami nilianza kusoma maisha ya Khan nikiwa na swali hilo moyoni: je, ni mtu wa kujivunia?

Alizaliwa Dhaka tarehe 3 Aprili 1929. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu. Khan alisomea uhandisi karibu na Calcutta, lakini ghasia za mwaka 1950 zikamrudisha Dhaka, akamalizia masomo huko akiwa wa kwanza darasani. Mwaka 1952 alipata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Kwa miaka mitatu tu alipata shahada mbili za uzamili na moja ya uzamivu. Mwaka 1955 aliajiriwa na kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill mjini Chicago. Baadaye alirudi kufanya kazi Karachi kwa muda, kisha mwaka 1960 akarejea Chicago.

Tatizo alilolikuta ni la upepo. Jengo likiwa fupi, kazi kubwa ya nguzo ni kubeba uzito. Likirefuka, upepo hulisukuma, na chuma cha kulizuia lisiyumbe huongezeka kupita kiasi. Wahandisi walikuwa wakijaza nguzo ndani ya jengo zima, na gharama ikapaa.

Khan alizihamishia nguvu hizo kwenye kuta za nje. Fikiria mwanzi: ndani mtupu, lakini upepo unaupinda bila kuuvunja, kwa sababu nguvu zake ziko pembeni. Alipanga nguzo nyingi zilizokaribiana kuzunguka jengo na kuzifunga kwa mihimili, jengo zima likawa kama bomba moja. Jengo la kwanza la namna hiyo ni la makazi, DeWitt-Chestnut, lenye ghorofa 43.

Kisha likaja John Hancock Center, lililokamilika mwaka 1969, lenye ghorofa 100. Hapo aliongeza mihimili mikubwa iliyopishana kama herufi X, nayo inaonekana wazi kwa nje. Jengo lilitumia takriban kilo 145 za chuma kwa kila mita ya mraba ya sakafu, wakati Empire State Building la mwaka 1931 lilitumia takriban kilo 206. Kwa Sears Tower aliunganisha mabomba tisa kama fungu moja. Mengine yanaishia njiani, na mawili tu yanafika juu kabisa, kwenye ghorofa ya 110, mita 442 kutoka ardhini. Kuanzia miaka ya 1970 hadi miaka ya 1990 hapakuwa na jengo refu kuliko hilo.

Lakini hakujifungia kwenye michoro. Vita vilipozuka nchini kwao mwaka 1971, aliwakusanya Wabengali wenzake Marekani, wakachangisha misaada na kuwaendea wabunge wa huko ili kutetea watu wao.

Kazi zake za mwisho zilikuwa Saudi Arabia. Kwa kituo cha mahujaji cha Jeddah hakujenga mnara. Yeye na wenzake walitundika mahema 210, kila moja mita 45 kwa 45, ya kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa tefloni. Pande ziko wazi, hewa ya moto hutokea juu, na mahujaji hupumzika kivulini bila kutegemea viyoyozi. Alifariki Jeddah kwa ugonjwa wa moyo tarehe 27 Machi 1982, akiwa na miaka 52, akazikwa Chicago. Mwaka uliofuata kituo hicho kilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo.

Nirudi kwenye swali langu. Kinachotajwa katika hadithi ni kushindana. Katika kazi ya Khan nimeona zaidi hesabu ya mtu anayechunga israfu: chuma kisipotee, watu wapate pa kuishi. Nia yake anaijua Allah. Lakini mtu huyohuyo alipopewa jangwa na mahujaji, hakuwajengea fahari. Aliwajengea kivuli.

Basi tuache kuwaambia wenzetu wa uhandisi kwamba wao wanasoma ya dunia na sisi tunasoma ya Akhera. Hujaji akikaa kwenye kivuli kile, masomo yote mawili yamemfikia: fikihi ya Hija yake, na hesabu ya hema lake.

Allah amrehemu ndugu yetu, amsamehe, na atuwafikishe kuitumia elimu yetu kwa manufaa ya waja Wake. Amin.