Jerry Lawson, fundi wa televisheni aliyefungua njia ya kaseti za michezo

Watoto wengi wa Kipushi, Lubumbashi na Bukavu wamewahi kuchomeka kaseti ya mchezo kwenye mashine iliyofungwa na televisheni, kisha kuichomoa na kuweka nyingine. Wachache wanajua kwamba mtu aliyeongoza kazi ya kufanikisha jambo hilo kwa mara ya kwanza sokoni alikuwa Mmarekani mweusi, fundi asiye na diploma ya chuo kikuu. Jina lake ni Gerald Anderson Lawson, aliyeitwa na wote Jerry.

Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1940 Brooklyn, mjini New York, akakulia katika mtaa wa Queens. Babu yake alisomea fizikia, lakini hakupata nafasi ya kuifanyia kazi, akaishia posta. Baba yake, Blanton, alipakua mizigo bandarini, na akiwa nyumbani alipenda mambo ya sayansi. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa serikali ya mji. Yeye ndiye aliyechunguza shule moja baada ya nyingine na kuzungumza na walimu kabla ya kukubali mtoto wake asome hapo.

Katika darasa la kwanza, mwalimu wake aliweka karibu na meza yake picha ya George Washington Carver, mtaalamu mweusi aliyezaliwa mtumwa na kujulikana kwa utafiti wake juu ya karanga. Picha hiyo ilimwonyesha Lawson mapema kwamba mtu kama yeye anaweza kuwa mwanasayansi.

Alipokuwa na miaka 13 alipata ruhusa ya kurusha mawimbi ya redio kama mtu binafsi. Akajenga kituo chake nyumbani, kwa vipande alivyonunua kwenye maduka ya mtaani na vingine alivyotoa katika vyombo vilivyokwisha kutumika. Alipokuwa kijana alipata pesa kwa kutengeneza televisheni za watu. Baadaye aliingia vyuo viwili vya New York, Queens College na City College, lakini hakumaliza. Mambo mengi alijifunza kwa kufungua vyombo na kuvifunga tena.

Miaka hiyo ya ujana wake ndiyo iliyofanya madini ya Kipushi yatafutwe mbali sana. Transista ya kwanza, iliyotengenezwa Marekani mwezi wa Desemba 1947, ilitumia jermanium. Redio ndogo za kwanza za mkononi nazo zilitumia transista za namna hiyo. Katika miaka ya 1950, mgodi wa Kipushi, wakati huo ukiwa chini ya Union Minière du Haut-Katanga, ulikuwa kati ya vyanzo vikubwa vya jermanium duniani. Baadaye silisioni ilichukua nafasi ya jermanium katika transista, na Lawson akaenda mahali hasa palipojengwa kwa biashara hiyo: bonde la kusini mwa San Francisco, California.

Mwaka 1970 aliingia kampuni ya Fairchild Semiconductor. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wateja kujua namna ya kutumia vipande vya kielektroniki walivyonunua. Jioni alirudi kwenye garaji ya nyumba yake. Humo alitengeneza Demolition Derby, mchezo wa magari unaochezwa kwa kutia sarafu, uliotumia mikroprosesa ya Fairchild iliyoitwa F8. Aliuweka katika mkahawa wa piza mjini Campbell. Wakubwa wa kampuni walipopata habari kwamba mfanyakazi wao ametengeneza mchezo nyumbani kwa saa zake za mapumziko, walimpa kazi ya kuongoza uhandisi katika kitengo kipya cha michezo ya video.

Wakati huo alikuwa pia mwanachama wa Homebrew Computer Club, kikundi kilichoanza mwezi wa Machi 1975 katika garaji moja ya Menlo Park. Watu walileta mashine walizounganisha wenyewe, wakapeana michoro, programu na maelezo ya namna ya kurekebisha kasoro. Kati yao weusi walikuwa wawili tu, Lawson na Ron Jones. Mwanachama mwingine, Steve Wozniak, aliwagawia wenzake michoro ya kompyuta iliyokuja kuitwa Apple I. Lawson aliwahi kumhoji Wozniak alipotafuta kazi Fairchild, lakini hakumchukua.

Mwezi wa Novemba 1976 Fairchild ilitoa mashine iliyokuja kuitwa Channel F. Kabla yake, mashine za nyumbani zilikuwa na michezo iliyofungwa ndani, na mtu akiichoka hakuwa na la kufanya ila kununua mashine nyingine. Wazo la kuweka programu katika kipande kinachochomolewa lilitoka kwa Wallace Kirschner na Lawrence Haskel wa kampuni ya Alpex. Lawson, pamoja na wenzake Ron Smith na Nick Talesfore, waligeuza wazo hilo kuwa kaseti ambayo mtoto anaweza kuichomeka na kuichomoa mara nyingi bila kuharibu kitu. Waliongeza pia kitufe cha kusimamisha mchezo kwa muda.

Mwaka uliofuata, Atari ilitoa mashine yake ya kaseti, ikauza kuliko Fairchild, na jina lake ndilo lililobaki vichwani mwa watu. Mwaka 1980 Lawson aliondoka Fairchild na kuanzisha kampuni yake, Videosoft. Moja ya kaseti zake ilikuwa chombo cha kusawazisha rangi za televisheni, kazi aliyoijua tangu ujana. Soko la michezo la Marekani lilianguka mwaka 1983, na Videosoft haikudumu.

Kwa miaka karibu 30 jina lake halikutajwa sana. Ugonjwa wa sukari ulimchukulia uwezo wa kutumia mguu mmoja na uwezo wa kuona wa jicho moja. Mwezi wa Machi 2011 chama cha kimataifa cha watengenezaji wa michezo kilimpa heshima hadharani. Alifariki tarehe 9 Aprili mwaka huo huo, akiwa na miaka 70.

Mgodi wa Kipushi ulisimama mwaka 1993, na mwaka 2024 ulianza tena kutoa zinki. Jermanium ingali ndani ya mawe yake, na leo inatafutwa kwa ajili ya nyaya za intaneti na kamera zinazoona usiku. Nayo Channel F, iliyoacha kutengenezwa zamani, haijafa kabisa. Wapenzi wake wamechunguza mikroprosesa F8, wakaandika maelezo ya kuitumia na kuyatoa bure. Wengine wanaitungia michezo mipya na kuitia katika kaseti walizolehemu wenyewe nyumbani, kama Lawson alivyofanya katika garaji yake.