Dokta Moumié na Sumu Isiyo Ladha

Mwaka jana nilisafiri hadi Khunyangu, katika nchi ya Busia na Malaba karibu na mpaka wa Uganda, kumpa pole mwalimu mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, aliyefiwa na nduguye. Marehemu alikuwa amekula kwa jirani, usiku akashikwa na tumbo, na baada ya siku chache akafariki. Nilikuta nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana chumvi hata salamu hazipeani. Huyu asema sumu, yule asema uchawi. Nikauliza kama mkojo au damu ya marehemu ilipelekwa kupimwa. Haikupelekwa. Maiti alikwisha zikwa, na fitina ikabaki juu ya ardhi.

Katika kurudi nilipita sokoni Busia, nikamsikia mchuuzi akinadi sumu ya panya kwa kipaza sauti. Hapo ndipo nilipomkumbuka hayati Dokta Félix Moumié wa Kameruni, ambaye habari zake nilizisikia kwanza barazani Mombasa, kwa mzee wetu mmoja aliyekuwa hodari wa kufuatilia mambo ya ukombozi wa Afrika.

Moumié alizaliwa mwaka 1925 katika mji wa Foumban. Alisomea udaktari Dakar, akarejea kwao kutibu watu. Mwaka 1952 akawa rais wa UPC, chama kilichoasisiwa 1948 kudai uhuru na kuziunganisha Kameruni mbili, ile ya Wafaransa na ile ya Waingereza. Wafaransa wakakipiga marufuku Julai 1955. Dokta akavukia upande wa Waingereza, nako akafukuzwa 1957. Tangu hapo maisha yake yakawa ya mkoba mkononi: Khartoum, Cairo, Accra, Conakry. Septemba 1958 mwenzake, Ruben Um Nyobè, aliuawa msituni. Kameruni ya Wafaransa ilipopata uhuru tarehe 1 Januari 1960, Moumié alibaki uhamishoni, kwani aliuona uhuru ule kuwa wa jina tu.

Oktoba 1960 alikuwa Geneva, nchini Uswisi. Usiku wa tarehe 15 alialikwa chakula mkahawani na William Bechtel, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, aliyejitambulisha kuwa ni mwandishi wa habari na ambaye walikwisha juana huko Accra. Kumbe alikuwa mtu wa ujasusi wa Ufaransa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sumu aliyotiliwa ni thaliamu. Ni madini mazito, jamaa ya risasi na zebaki kwa ubaya wake. Chumvi yake haina rangi, haina harufu, haina ladha, na huyeyuka majini. Gramu moja hivi yatosha kumuua mtu mzima. Kwa miaka mingi iliuzwa madukani kwa kuulia panya, mpaka nchi nyingi zikaipiga marufuku. Mwili huidhania kuwa ni potasiamu, madini ambayo mwili wenyewe unayahitaji, ukaifungulia mlango. Kwanza huja tumbo na kutapika, kisha nyayo huwaka moto, na baada ya wiki mbili tatu nywele hunyonyoka.

Inasimuliwa kwamba kipimo kilikadiriwa ili Dokta afie Conakry, alikokuwa karibu kurejea. Lakini alikunywa zaidi ya kilichokusudiwa, akaugua angali Geneva. Naye kwa kuwa ni tabibu alitambua kuwa ametiliwa sumu, akawaambia waliomtibu. Hawakuweza kumwokoa. Alifariki tarehe 3 Novemba 1960, akiwa na umri wa miaka 35, na uchunguzi wa maabara ukathibitisha thaliamu mwilini mwake.

Kuna ajabu hapa. Madini haya yasiyoonekana kikombeni hayawezi kujificha mbele ya moto. Yakichomwa hutoa mwanga wa kijani, na kwa mstari huo wa kijani ndivyo Mwingereza William Crookes alivyoyagundua mwaka 1861, akayapa jina kutokana na neno la Kiyunani la chipukizi. Siku hizi mkojo wa mgonjwa hukusanywa kwa saa ishirini na nne, na mashine hupima hata chembe ndogo kabisa. Nywele na kucha nazo hutunza ushahidi. Lakini vipimo vya kawaida vya hospitali haviionyeshi. Lazima daktari ashuku, aagize kipimo chake mahsusi. Ikijulikana mapema, iko dawa: ile rangi ya buluu ya Prussia, ambayo huishika sumu tumboni ikatoka nayo chooni. Dawa hiyo ilianza kutumika baada ya zama za Moumié.

Bechtel alikamatwa Ubelgiji mwaka 1974, akapelekwa Uswisi, na mwaka 1980 kesi ikafutwa. Dokta alizikwa Conakry, na baadaye kaburi lake likaonekana limevunjwa, mwili haumo. Basi maabara haikumfufua mtu wala haikumfunga mtu. Lakini lau angalifia Conakry bila kupimwa, lawama zingaliwaangukia wenyeji wake waliompa hifadhi, na mwuaji angalihudhuria mazishi. Kipimo humfichua mwenye hatia, na aghalabu humwokoa asiye nayo.

Kwetu Kenya yuko Mkemia wa Serikali, Nairobi, na matawi Mombasa na Kisumu. Kutoka Khunyangu hadi Kisumu si safari ya kumshinda mtu aliyekwisha kodi matanga.

Nilimwandikia mwalimu nikamsimulia haya yote. Amenijibu kwamba yeye amekwenda kwa jirani, wamepeana mkono. Mjane wa marehemu bado hajavuka ua.