Kidole cha Bob Marley: Kidonda kisipopona, usikizoee

Sura ya Bob Marley unaijua hata kama nyimbo zake huziskizi. Iko kwenye matatu, fulana na kuta za vinyozi. Lakini je, unajua kilichomuua kilianzia kwenye kidole cha mguu?

Alizaliwa Februari 6, 1945 kijijini Nine Mile, Jamaika, akakulia Trench Town, mtaa wa watu wa chini jijini Kingston. Muziki ulimpa jina, lakini boli nayo aliipenda vibaya sana.

Mwaka wa 1977 aliumia kidole gumba cha mguu wa kulia akicheza. Kidonda kikagoma kupona. Madaktari walipokipima wakapata melanoma, saratani ya ngozi, chini ya ukucha. Usichanganye mambo hapa: boli haikumpa saratani. Jeraha lilifanya tu kidole kiangaliwe.

Alishauriwa kidole kikatwe, akakataa. Wengi husema ni kwa sababu ya imani yake ya Rasta. Alitolewa ukucha na nyama ya chini yake, akarudi jukwaani. Aprili 1980 alitumbuiza Zimbabwe ikipata uhuru. Septemba mwaka huo akaanguka akikimbia mazoezi New York. Kumbe saratani ilikuwa imefika kwenye ubongo. Alifariki Miami, Mei 11, 1981, akiwa na miaka 36 tu.

Sasa wewe. Mtaani utaambiwa eti saratani ya ngozi ni ya wazungu. Kweli, wao huipata zaidi. Lakini sisi weusi melanoma ikitupata, mara nyingi hujificha kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, na huko nani huangalia?

Basi angalia. Mstari mweusi kwenye ukucha mmoja unaozidi kupanuka, weusi unaosambaa hadi kwenye ngozi ya kando, au kidonda kinachofunga na kufunguka tena huku mwezi ukiisha: usiendelee kununua krimu dukani. Si lazima iwe saratani. Inaweza kuwa kisukari ambacho hujui unacho, au damu haifiki mguuni vizuri. Hayo hayajulikani kwa macho. Daktari atapima sukari, na akishuku, atakata kipande kidogo kipelekwe maabara.

Kwa hivyo leo ukivua soksi, geuza mguu uuangalie.